Utungaji wa A, B, C, D

Ndugu zangu waandishi chipukizi, hivi kutunga ni nini?

Jumapili nilipanda Kibosho kwa kaka. Mwanawe yuko darasa la nne, anajiandaa na ule Upimaji wa Kitaifa wa Baraza la Mitihani. Akanihadithia mbuzi wao alivyotumbukia mferejini, bibi akamfuata humo humo, anamtukana Kichagga kana kwamba mbuzi anasikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini ya mgomba.

"Iandike hiyo."

"Baba mdogo, hiyo haitoki kwenye mtihani."

Akaniletea karatasi za miaka iliyopita. Kweli bwana! Sehemu inaitwa UTUNGAJI, halafu mtoto anapewa sentensi zilizovurugwa azipange kwa herufi A, B, C, D. Basi. Habari ya mtu mwingine, maneno ya mtu mwingine! Nikakumbuka, hata mimi darasa la saba nilizipata zote. Nilipofika sekondari nikaambiwa niandike insha, kalamu ikaganda.

Watasema watoto ni wengi. Ni kweli, mwaka 2023 walifanya zaidi ya 1,500,000, nani atasahihisha? Mwalimu wao! Si yuko nao kila siku? Asome ukurasa mmoja wa kila mtoto, atoe alama, na alama ile ihesabiwe. Hawamwamini? Basi waache kuita utungaji. Waite kupanga.

Hadithi ya mbuzi nimeiandika mimi usiku ule. Mwenyewe alikuwa mezani na kibatari, anapanga.