Vitabu vinne vinatosha

Januari mwaka jana niliorodhesha vitabu 12. Kufika Desemba nilikuwa nimemaliza viwili. Simu ndiyo niliyoisoma kila usiku, mpaka usingizi ukapotea.

Mwaka huu nimeandika vinne, kimoja kila miezi mitatu. Cha kwanza ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1971. Baba anampiga bintiye ili asizoeane na wavulana. Binti akiwa mbali na nyumbani, hajui kujilinda. Mzazi mwenye binti akisome kabla hajashika fimbo. Cha pili ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, alichokitafsiri Ida Hadjivayanis: mtoto anatolewa kwa tajiri kwa sababu ya deni la baba. Cha tatu atachagua mtoto, tusome pamoja. Cha nne nimekiacha wazi.

Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 300 kwa mwezi. Ukipata siti kwenye daladala ya Sakina kwenda mjini, fungua kitabu. Usiku, simu ichajiwe sebuleni, wewe nenda kitandani na kitabu. Huna hela ya kununua? Azima maktaba ya mkoa.

Tunawaambia watoto wasome. Lini walituona sisi tukisoma?