Barafu ya Mbali na Ziwa Letu

Wapo wasemao kwamba barafu ya Greenland ikizidi kuyeyuka, mkondo wa Bahari ya Atlantiki upelekao joto Ulaya utalegea, na dunia itapoa. Ndugu mvuvi wa Muleba, ndugu mkulima wa Bukoba, usifarijike. Baridi hiyo ingeishika Ulaya zaidi. Sisi huenda tukanyimwa mvua. Yapata miaka 17,000 iliyopita barafu nyingi ilimeguka ikaingia baharini humo, na mkondo ukalegea. Tope lililochimbwa chini ya Ziwa Victoria lashuhudia kwamba katika zama hizo ziwa lilikauka. Pasipo ziwa hapana dagaa, wala mgomba hausitawi. Basi mataifa yenye viwanda vingi na yapunguze moshi wao sasa. Nasi tulidai jambo hilo bila woga.