Sandwichi ya shangazi

Majuzi nilisafiri na shangazi, mgeni wetu kutoka Tanga, London hadi Geneva. Mhudumu alipopita na toroli, shangazi akapokea maji na sandwichi, akashukuru. Alipotajiwa bei akanitazama mimi. Akatoa noti, akaambiwa kadi tu.

Wala si mashirika ya bei chee peke yake. British Airways iliondoa chakula cha bure kwa abiria wa daraja la kawaida, safari fupi za Ulaya, Januari 2017. Baadaye ikarudisha maji na kitafunio kidogo.

Wenye watoto, fungeni maandazi. Kwenye ukaguzi yanapita. Chupa ipite tupu, mjaze ndani. Na wageni wenu waambieni mapema, kabla ya kupanda. Sandwichi nililipa mimi. Shangazi hakuila.