Dabo au panda dau? Ugomvi wa Kasulu na Kibondo

Najua wengine mnasubiri niandike habari za bumu, lakini leo niacheni na karata. Tena si albastini. Ni bridge, mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili, ambao tumeubeba kutoka chuo mpaka huku milimani Kigoma kwenye mazoezi ya kufundisha. Sisi wawili tumepangiwa Kasulu, wenzetu wawili Kibondo, na Jumamosi wakija tunakaa mezani mpaka giza. Na yule anayesemaga "huo mchezo wa wazungu" akumbuke Omar Sharif, mwigizaji wa Misri, aliyeichezea nchi yake kwenye Olimpiadi ya bridge mwaka 1964.

Kwa mgeni, kwa kifupi. Kila mtu ana karata 13, kwa hiyo kuna mizunguko 13 ya kula. Kabla ya kucheza kuna mnada. Ukitaja 4 kopa umeahidi kwamba wewe na mwenzako mtakula mizunguko 10 (6 ya msingi, jumlisha 4) na kopa ndiyo turufu. Wapinzani wakitaja dau unaloona hawaliwezi, unapiga dabo. Wakifeli faini inapanda, wakifaulu wanazoa zaidi. Au badala ya dabo unapanda wewe, unataja dau la juu yao. Hapo ndipo pamezuka ugomvi.

Mimi msimamo wangu ni huu: watu wetu wanapiga dabo kwa kuhesabu pointi, wakati walitakiwa kuhesabu turufu.

Chukua hii ya Jumamosi iliyopita. Kibondo alifungua 1 kopa, mimi nikataja 1 shupaza, Kibondo wa pili akaruka moja kwa moja mpaka 4 kopa. Patna wangu alikuwa ameshika shupaza Kingi, Jeki, 10, 7, 3. Kopa moja tu, ile 5. Uru Ree, 9, 8, 4. Pau Kwini, 8, 6. Akahesabu: Ree 4, Kingi 3, Kwini 2, Jeki 1, jumla 10. Akajiambia mwenzangu naye ametaja, hawa jamaa wanajitapa, akapiga dabo.

Wakala mizunguko 10 bila kutoka jasho. Walipoteza shupaza moja, uru moja, pau moja, basi. Wakaandikiwa 590. Halafu tukafunua karata zote. Sisi kwa 4 shupaza tulikuwa tunakula 10 vilevile! Tungeandika 420. Tofauti ya 1,010 kwa neno moja.

Sasa angalieni kitu. Tulipohesabu, kila upande ulikuwa na pointi 20 kati ya 40. Nusu kwa nusu kabisa. Pointi hazikutuambia chochote. Kilichosema ni kwamba sisi tulikuwa na shupaza 10 na wao kopa 10. Patna alikuwa na shupaza 5 mkononi, na mimi kutaja shupaza maana yake ninazo zisizopungua 5. Jibu alikuwa nalo mkononi.

Hii si akili yangu. Mfaransa Jean-René Vernes aliiandika mwaka 1969, na Mmarekani Larry Cohen akaieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1992, To Bid or Not to Bid. Wanasema jumlisha turufu zenu kwa turufu zao, utapata takriban jumla ya mizunguko ambayo pande zote mbili zinaweza kula, kila upande kwa turufu yake. Hapa ni 20. Wao wakila 10, sisi 10: panda. Wao wakila 11, sisi 9: panda, maana kufeli kwa mmoja hata na dabo ni 100 tu, na wao wangeandika 450. Wao wakila 9, sisi 11: panda, unapata 450 badala ya faini ya 100. Kwenye 20 kila njia inakwenda shupaza.

Jumla ikishuka mpaka 16 mambo yanageuka. Wao wakila 9 kwenye 4 kopa, dabo inakupa 100. Ukipanda 4 shupaza unakula 7, unafeli kwa mitatu, na wakikupiga dabo ni 500. Aliyepanda hapo kapanda kwa hasira.

Binti wa Kibondo (huyu anafundisha hesabu, msimchezee) alinipinga vizuri. Alisema hesabu hiyo haitoki sawa kila mara, na kweli: Mike Lawrence na Anders Wirgren waliandika kitabu kizima mwaka 2004 kuipinga. Karata ikikaa vibaya jumla inapungua. Nakubali, na kwenye 18 mimi mwenyewe naangalia vitu vingine. Kama una Kwini na Jeki za turufu ya wapinzani, na mkono wako umelala, 4-3-3-3, piga dabo. Hizo karata zinakula kwenye turufu yao, kwenye yako ni takataka. Na kama wao wako hatarini (yaani faini zao ni kubwa) na sisi hatuko, dabo inanoga zaidi: kufeli kwa mmoja ni 200, kwa miwili ni 500, zaidi ya 400 za 3 bila turufu ambazo sisi tungepata.

Lakini kopa moja na shupaza tano? Hapana jamani.

Kuna dabo nyingine kabisa ambayo watu wanaichanganya na hii. Mpinzani anafungua 1 kopa, wewe una kopa moja na rangi nyingine tatu zimejaa. Dabo hapo si faini, unamwambia mwenzako "chagua wewe." Hiyo nzuri sana, ila mkubaliane kabla kwamba ndiyo maana yake. Alvin Roth alipoanzisha dabo yake ya aina hiyo, kwa mwenzake aliyefungua, mwaka 1957, ikapewa jina la utani Sputnik, kama ile setilaiti ya Warusi.

Naandika haya yote kwa sababu patna wangu amenuna. Anasema nilimsema mbele ya watu wa Kibondo, na yeye alifanya "kama kila mtu anavyofanya." Kwenye hilo la pili hajakosea, ndiyo maana nalisema hapa. Wilaya mbili hizi tupo wanne tu tunaocheza, mmoja akigoma meza imevunjika, tunarudi kwenye albastini.

Halafu kitu ambacho hajakiona bado. Tungetaja 4 shupaza, kwa ninavyowajua Kibondo wangepanda 5 kopa. Kule wangefeli kwa mmoja. Dabo yake ilikuwa inamsubiri pale, ngazi moja tu mbele.