Ajali za watoto wakati wa likizo si bahati mbaya



Shule zinapofungwa mwezi Desemba, pwani yetu, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi, huwa na pilikapilika nyingi. Korosho za mwisho zinaokotwa, maembe yanaiva, upepo wa kaskazi umeanza kuvuma, na watoto wako nyumbani kutwa nzima. Ni wakati wa furaha na wa kipato. Ndio wakati pia ambapo watoto huletwa hospitali wakiwa wamevunjika mikono, wameungua, wameumwa na nyoka au wameopolewa majini.

Wazazi wengi husema, "Ni bahati mbaya," au "Mungu kapenda." Kwa maoni yangu, maneno haya yanatufunga mikono. Mtoto akiugua malaria hatusemi hivyo. Tunamlaza ndani ya chandarua, tunampima, tunampa dawa. Ajali nazo zina sababu zake, msimu wake na kinga yake. Mungu aliyetupa mtoto ametupa pia macho ya kumwangalia na akili ya kufunika kisima.

Sisemi watoto wafungiwe ndani. Mtoto wa pwani lazima aogelee, apande mti na asaidie shambani. Ninachosema ni kwamba mambo mawili yako mikononi mwetu: kuzuia ajali, na kufanya lililo sahihi katika saa ya kwanza.

Kuanguka mtini

Watoto hupanda mwembe kwa ajili ya maembe, mkorosho kwa ajili ya mabibo, na mnazi kwa ajili ya madafu. Mkubwa mmoja akiangua matunda kwa upondo mrefu, watoto hawatakuwa na sababu ya kufika kwenye vitawi vyembamba. Mnazi si mti wa mtoto hata kidogo, na baada ya mvua si mti wa mtu yeyote.

Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono. Akilalamika shingo au mgongo, au akishindwa kusogeza miguu, abebwe akiwa amenyooka juu ya ubao au mlango, watu kadhaa wakishirikiana, na mmoja ashike kichwa kisigeuke. Aliyegonga kichwa akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, au akitoka damu au majimaji masikioni, apelekwe hospitali hata kama ni usiku.

Kuna jambo lingine ambalo lazima tuliseme wazi. Wengi humpeleka mtoto kwanza kwa fundi wa kuunga mifupa. Hatari kubwa hapo ni kufunga vijiti kwa kukaza sana. Mkono uliovunjika huvimba, na kamba iliyokazwa huzuia damu isifike vidoleni. Vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au mtoto akilia maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, legeza kamba wakati huohuo na umpeleke hospitali. Mkono uliokosa damu kwa saa kadhaa unaweza kuoza na kukatwa. Mfupa uliopinda twaweza kuunyoosha, lakini mkono uliokufa haurudi.

Moto wa korosho

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi, na yanaposhika moto huruka na kuwaka ghafla. Watoto wanaochoma korosho wenyewe kwenye kipande cha bati nyuma ya nyumba huungua mikono na uso. Kazi hii iwe ya mkubwa, nje ya nyumba, na wote wasimame upande unakotoka upepo ili moshi usiwafikie. Anayebangua apake majivu mikononi kwanza, na akimaliza anawe kwa sabuni kabla ya kugusa macho.

Mtoto akiungua, iwe ni kwa korosho, uji au chai, dawa ya kwanza ni maji. Mmwagie maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Mvue pete na bangili kabla hajavimba. Kisha funika kidonda kwa kanga safi. Dawa ya meno, mafuta, unga, yai na majivu havitibu jeraha la moto. Huleta uchafu, na hutupa kazi ya kuvikwangua kidondani huku mtoto akilia.

Bahari na visima

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao wadogo hawakuwa wavuvi. Kwa mtoto anayetambaa, ndoo iliyoachwa wazi inatosha. Kisima kiwe na kuta na mfuniko, na ndoo zifunikwe.

Wakubwa kidogo hufuata pweza na chaza maji yakitoka. Siku za bamvua maji hutoka mbali sana, na yakirudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao, wakabaki wamezingirwa. Mzee wa pwani anajua saa ya maji kujaa. Awaambie watoto warudi kabla, na mkubwa mmoja awe nao. Wanaovuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani au Songo Mnara wavae maboya ya kujiokolea, na nahodha asipakie kupita kiasi.

Aliyeopolewa asibebwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo. Mlaze chali. Kama hapumui, mzibe pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 kwa kasi, umpulizie pumzi 2, uendelee hivyo hivyo huku wengine wakitafuta usafiri. Akizinduka, bado apelekwe hospitali.

Aliyechomwa na mwiba wa taa atumbukize mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yapate nusu saa au zaidi. Mkubwa mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, tusije tukaongeza jeraha la moto. Mwiba uliozama ndani, au uliochoma kifua au tumbo, usichomolewe nyumbani.

Nyoka

Kifutu hulala kimya juu ya majani makavu, na chini ya mkorosho majani hayakosekani. Fagia chini ya miti kabla ya kuokota, vaa viatu vya kufunika mguu, na usiku tumia tochi.

Aliyeumwa atulizwe, asitembee, na kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Lile jiwe jeusi ambalo wengi wanaliamini halitoi sumu, hata kama ulilipata misioni. Linakula muda, basi. Akitemewa sumu machoni, yaoshwe kwa maji mengi. Zahanati nyingi hazina dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, kwa hiyo ulizeni mapema, kabla msimu haujaanza, ni hospitali gani iliyo nayo, na wekeni namba ya simu yake.

Barabarani

Bodaboda imeturahisishia maisha, lakini mshikaki wa baba, mama na watoto wawili kwenye pikipiki moja ni hatari iliyo wazi. Abiria naye avae kofia ngumu. Nauli ya safari ya pili ni ndogo kuliko gharama ya mguu uliovunjika.

Wajibu ni wa nani?

Mtoto akiumia, lawama humwangukia mama. Si haki. Mama yuko shambani, kisimani na jikoni kwa wakati mmoja. Kisima cha wazi ni cha kijiji kizima, mashua ina mwenyewe, na pikipiki inaendeshwa na kijana wa mtu. Katika mkutano wa kijiji tunajadili bei ya korosho kwa saa nyingi, na ni haki yetu. Tutenge basi nusu saa tuulizane: visima gani havina mfuniko, nani atabaki na watoto wakati wa mavuno, na usiku mgonjwa atasafirishwa na gari la nani. Vijiji vinavyojibu maswali hayo kabla ya Desemba vitakuwa na vilio vichache.

Usisubiri jirani aanze. Leo, kabla jua halijazama, funika kisima chako.