Na Sisi Tutembee

Mimi naosha magari hapa Kagarama, wilaya ya Kicukiro. Kazi hii imenifundisha jambo ambalo halimo kwenye ripoti zenu: Jumatatu asubuhi gari lenyewe linasema lilikokwenda. Mchanga chini ya zulia, hilo lilikuwa ufukweni, Karongi au Rubavu. Matope mazito yenye majani, hilo limetoka upande wa Nyungwe. Vumbi jekundu mpaka ndani ya milango, ni Akagera. Siku nyingine nakuta taulo bado ina maji. Naikunja vizuri, naiweka kwenye kiti cha nyuma.

Mengi ya magari hayo yana nembo mlangoni. Ni ya watu wanaofanya kazi kwa ajili yetu sisi wakimbizi. Naomba nieleweke mapema: sina wivu na taulo ya mtu. Kazi yao ni nzito, wanasikia habari mbaya kutwa nzima, na mtu akichoka apumzike. Swali langu ni hili tu. Kwa nini wao wakienda kuangalia ziwa inaitwa afya, na sisi tukiomba kuangalia ziwa hilohilo inaitwa anasa?

Kambi niliyokulia sitaitaja jina. Anayeijua ataijua: iko juu ya kilima, na siku ambazo mbingu ni safi unaliona Ziwa Kivu kule chini. Usiku unaona taa za wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja. Nyumba ya mwisho ya mtaa wetu alikaa mzee mmoja aliyezaliwa Kalehe, ng'ambo ya pili, upande wa Congo. Alikuwa mvuvi. Kila jioni alikaa kwenye jiwe lake akahesabu taa, halafu anatuambia, "Leo bako wengi, samaki imepanda." Alikaa kambini zaidi ya miaka ishirini. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kugusa yale maji. Alifariki mwaka 2019, tukamzika mlimani.

Eti nani alimkataza? Hakuna. Ila ukitaka kutoka kambini ulipaswa kusema sababu. Hospitali ni sababu. Shule ni sababu. Soko, msiba, kuitwa ofisini, zote ni sababu. "Nataka kushika maji" si sababu, na mzee alikuwa na haya zake, hakutaka kusema uongo mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake.

Baada ya hapo, vijana kadhaa tuliandika ombi. Wazee arobaini, basi moja, siku moja, soda na mandazi. Twende ziwani, tukae chini ya mti, turudi jioni. Shirika moja likatujibu kwa heshima kabisa kwamba shughuli hiyo haiokoi maisha, kwa hiyo haiwezi kupewa fedha. Sawa. Mwezi uleule shirika hilohilo liliwapeleka wafanyakazi wake ziwani kwa mapumziko ya siku tatu. Hakuna aliyeniambia habari hiyo. Niliosha magari.

Najua jibu linalokuja: chakula kwanza. Ndugu zangu, mimi nimekula huo mgao, na nilikuwepo ulipopunguzwa. Siwezi kumwambia mama mwenye watoto watano aache unga aende kupiga picha na mlima. Lakini angalieni jinsi hoja hiyo inavyotumika. Mgao ukiwa mzuri, matembezi hayapo. Mgao ukipungua, matembezi hayapo. Kumbe tatizo si unga. Tatizo ni kwamba kwenye orodha ya mahitaji ya mkimbizi kuna tumbo, kuna kidonda, kuna paa la kuzuia mvua, lakini hakuna macho.

Na si wao tu. Sisi wenyewe tumelikubali jambo hili. Nilipomwambia mama yangu kwamba kuna watu wanalipa dola 1,500 kwenda kuona gorila kwa saa moja kule Volkano, na kwamba bei hiyo ipo tangu mwaka 2017, alicheka mpaka akashika ukuta. "Batu banalipa makuta juu ya kuangalia majani na nyani?" Nilicheka naye. Gorila wa milima ile wanavuka kutoka Rwanda kwenda Congo bila karatasi, na wanaotazamwa ni wao. Lakini baadaye nikaona kwamba kicheko cha mama kilikuwa na uchungu ndani. Alikuwa anasema: uzuri wa nchi ni kitu cha wengine. Sisi kwetu milima ni kulima na kukimbia.

Mama ni mtu wa Masisi. Tulipohamia Kigali aliacha kutoka nje. Asubuhi anafagia, mchana anakaa kitandani, jioni anauliza kama nimekula. Sikumpeleka kwa daktari, maana sikujua niseme anaumwa nini. Nilichofanya ni kumtoa siku za Jumapili zile ambazo mji unafunga barabara kwa magari ili watu watembee. Kigali ilianza utaratibu huo mwaka 2016, na hakuna kiingilio wala kitambulisho kinachoulizwa. Mara ya kwanza alifika kwenye kona ya kwanza akarudi. Mara ya tatu tulipanda mpaka juu, akasimama akaangalia mabonde.

Halafu niliweka akiba miezi miwili, nikakata tiketi mbili za basi la Rubavu. Tulishuka Bigogwe. Ni nchi ya malisho, baridi, kijani mpaka kwenye ukungu, na siku hizi watalii wanakuja kukaa kati ya ng'ombe na kunywa maziwa. Inafanana na Masisi kama watoto wa mama mmoja. Mimi nilitoa simu nipige picha. Mama hakupiga picha. Aliangalia mlima mmoja kwa muda mrefu, kisha akasema malisho ya upande ule yamechoka, yapumzishwe. Akamwendea mchungaji, akamuuliza yule ng'ombe mwekundu amezaa mara ngapi. Wakabishana. Akaniita, akanionyesha kwa mkono: shamba letu lingekuwa pale, la shangazi pale, kisima chini ya ile miti. Alinitajia majina ya mashamba manne ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu. Nina miaka thelathini na mbili.

Alilia? Ndiyo, ndani ya basi. Sitawadanganya kwamba alipona siku ile. Lakini ile siku moja ilinipa urithi ambao miaka yote ya kambi haikunipa. Na nawauliza wale wa "haiokoi maisha": jina la shamba la babu likifa pamoja na mama, hicho kilichokufa mnakiita nini?

Wengine watasema milima hii ina damu, si mahali pa kustarehe. Hilo nalijua, nakaa Kagarama. Hapa karibu, tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka pale ETO wakawaacha watu waliokimbilia kwao, na wengi wao wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro wakauawa. Leo pale kuna makaburi na kuna Bustani ya Kumbukumbu. Nchi hii yenyewe iliona kwamba aliyefiwa anahitaji mahali penye miti pa kwenda. Basi na sisi tumefiwa.

Binamu yangu alipelekwa Marekani, jimbo la Iowa. Ni nchi ya mahindi na nguruwe, tambarare, anafanya kazi kiwanda cha nyama. Anasema kilichomshangaza si maduka. Ni kwamba Jumapili walichukua watoto na sufuria ya wali wakaenda kwenye mbuga ya jimbo, wakapanda mpaka juu ya jabali, wakauona mto Mississippi, na hakuna aliyewauliza wamekuja kufanya nini. Akaniambia pia kwamba nchi ile ilikuwa ya watu wengine waliofukuzwa. Baadhi yao, Wameskwaki, walirudi, na mwaka 1857 wakanunua kipande cha ardhi kwa fedha yao ili wakae penye mto wao. Kwa hiyo msiniambie kwamba aliyefukuzwa anataka mkate peke yake.

Ninachoomba si kikubwa. Kwenye karatasi ya ruhusa, "kutembea" iwe sababu kama sababu nyingine. Kila kambi iwe na safari moja kwa muhula, ya wazee na vijana pamoja, ili mzee aonyeshe na kijana asikie. Basi linalorudi tupu baada ya kupeleka watu hospitali lipite ziwani nusu saa. Na mkiandika mipango ya mwaka ujao, wekeni mstari mmoja wa jambo hili, hata uwe wa mwisho.

Na sisi tuache kuchekana. Lugha yetu tayari imesema: kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea ni kwenda kuwaona watu. Wazee wakaongeza kwamba mwenda bure si mkaa bure. Walioko mjini, Jumapili ya barabara tupu ni yenu, haina bei. Mchukue mama, hata afike kona ya kwanza tu.

Nyinyi wenye magari, endeleeni kwenda. Jumatatu nitaosha huo mchanga kama kawaida. Ila wikendi moja, kabla hamjaondoka, hesabuni viti vilivyo wazi.