Mtoto Hajifunzi Kompyuta kwa Kutazama

Kila mwaka vijana wetu wa Ngara na Biharamulo humaliza mtihani wa kidato cha nne, kisha hubaki nyumbani kwa miezi wakisubiri matokeo. Mzazi mwenye kujali huuza debe la maharage ili mwanawe apate bando la kujifunzia kompyuta kwa simu, kwa kuwa masomo ya ana kwa ana yako mbali na nauli ni kubwa. Hilo ni jambo la kheri. Lakini tumewaona vijana waliotazama masomo ya video kwa wiki nyingi, wakiulizwa husema wameelewa, na wakiketishwa mbele ya kompyuta hawawezi kuandika programu ya mistari mitano. Bando limekwisha, na kijana ameanza kuamini kwamba hana akili ya somo hilo. Hasara hii ya mwisho ndiyo kubwa.

Kosa si la kijana wala la intaneti. Kosa ni kudhani kuwa kutazama ni kujifunza, na sisi pia tumewahi kuwasifu vijana kwa wingi wa video walizozimaliza. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha majumuisho ya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Waliona kuwa wanafunzi wanaosikiliza mhadhara tu huwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 kuliko wanaopewa maswali na mazoezi darasani. Mwaka 2019 utafiti wa somo la fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard ulionyesha kwamba waliosikiliza mhadhara mzuri walijiona wamejifunza zaidi, ilhali mtihani ulionyesha kinyume. Ndiyo maana neno “nimeelewa” halitoshi.

Kwetu hili si geni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mtu aliyeswali vibaya, akamrudisha aswali tena, hata mara tatu, ndipo akamfundisha. Madrasa zetu zimefuata njia hiyo: mtoto huketi mbele ya ustadhi, husoma mwenyewe, na akikosea husahihishwa.

Basi, mzazi, kabla ya kununua bando, mpe mwanao daftari. Mwambie aandike hatua za udhu kwa ajili ya mtu asiyejua lolote, kisha mdogo wake afuate yaliyoandikwa tu. Aliyeandika “osha mikono” bila kusema hadi wapi ataliona kosa lake papo hapo. Akiandika “rudia mara tatu”, ameandika rudio. Akiandika “maji yakikosekana, tayamamu”, ameandika sharti. Mfuatano, rudio na sharti ndiyo misingi ya kila programu, na kijana ameifikia bila umeme.

Akianza masomo ya simu, atazame dakika 10, asimamishe, aandike katika daftari anavyodhani programu itajibu, ndipo aijaribu. Kisha abadilishe jambo moja na aone kinachotokea. Vijana wawili au watatu wakitumia simu moja, mmoja aandike na mwenzake amhoji, halafu wabadilishane. Wanaweza kukutana madrasani baada ya Alasiri. Mabinti nao wakutane nyumbani kwa mmoja wao, mama akiwa karibu. Tusiwanyime wao fursa hii.

Na mzazi asiyejua kompyuta asijitoe. Kila jioni aulize maswali mawili: “Leo umeandika nini? Kimekukataa wapi?” Kijana atakayeeleza alipokwama na alivyojikwamua amejifunza, hata kama ametazama somo moja tu. Asiye na la kueleza arudi kwenye daftari, wala asikemewe.

Allah awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi subira ya kuketi nao. Amin.